Muhuri Unasema Ruiru

Ruiru
14 Juni 1999

Mjomba Ramadhani,

Shikamoo. Nakuandikia ofisini saa ya chai, nimevaa sweta mbili, maana baridi ya Ruiru mwaka huu imeshuka mapema. Zaid ameanza kusoma mwenyewe, na sasa anasoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya magunia ya unga. Nyumbani Kiuu hatuna amani tena. Baba yake bado yuko kwenye zamu za usiku kiwandani, anakusalimu.

Nina habari za kiwanja cha zamani. Ile sehemu iliyokuwa na nyumba zenu, kabla kijiji hakijavunjwa, imeuzwa, na aliyenunua anajenga ghala. Ofisi ninayofanyia kazi, hii ya kusafirisha maua, iko ghorofani ng'ambo ya barabara, na dirisha langu linatazama palepale. Mwaka mzima nimekuwa nikitazama mahali ulipozaliwa bila kujua, mpaka wapimaji walipokuja na vigingi vyao na mzee wa msikiti akaniambia.

Nilishuka nikaongea na mwenye kujenga. Ni mtu anayesikiliza. Nilimwambia nyanya yangu, Bibi Amida, amezikwa mle ndani. Akasema hawezi kuacha kiwanja kizima kwa ajili ya kaburi ambalo hakuna anayeliona, lakini akipata mtu wa kumwonyesha ni wapi hasa, atahamisha msingi na pembe hiyo ataizungushia ua. Mwisho ni Novemba. Desemba anachimba.

Mama angekuwa hai ningemwuliza yeye. Umebaki wewe peke yako katika watu wetu uliyekuwepo siku ya mazishi. Njoo, Mjomba. Nitakungoja stendi.

Mpwa wako,
Farhiya


Kiganjo, Thika
28 Juni 1999

Mpwa wangu Farhiya,

Marahaba. Barua yako ilitoka Ruiru ikaenda Nairobi, ikalala huko, ndipo ikaja Thika ikipita tena mbele ya mlango wako. Nchi hii barua husafiri kuliko watu. Mwambie Zaid asinyamaze. Mimi miaka mingi nililipwa mshahara pale kiwanda cha uchapaji kwa kazi hiyohiyo, kusoma kila kitu kwa sauti ili mwenzangu alinganishe na maandishi, na hakuna aliyenikemea. Afya yangu ni nzuri ukiacha mguu.

Ruiru siji. Usiniulize mara ya pili. Mguu ni sababu ya kutosha, na ukitaka nyingine, andika mguu tena.

Lakini huhitaji nije, maana naweza kukueleza. Unatoka jikoni kwa mama, si kwa mlango wa mbele. Unaupa mgongo ule ukuta wenye masizi. Mkono wa kulia unaliona banda la kuku, mbele yako mstari wa migomba. Kaburi liko kati ya banda na mgomba wa mwisho, limezungushiwa mawe ya mtoni. Tuliyachagua meupe. Nina hakika na kila neno hapo. Ukinifumba macho nafika.

Yule mtu mwonyeshe barua hii.

Mjomba wako,
Ramadhani


Ruiru
19 Julai 1999

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa mguu, na pole kwa mguu tena. Zaid alisoma barua yako kwa sauti mpaka akafika kwenye banda la kuku, na sasa anataka kuku.

Nilivuka barabara na barua mkononi nikasimama katikati ya nyasi zinazonifika kiunoni. Nianze wapi? Jiko halipo. Ukuta wa masizi haupo. Banda na migomba nimevitafuta hata mashina sikuona. Maelekezo yako hayana kosa hata moja kwa mtu aliyesimama ndani ya nyumba ile. Mimi nimesimama nje, tena mwaka huu.

Mwenye kujenga alisoma, akanirudishia barua kwa heshima. Akasema anahitaji mtu wa kunyoosha kidole.

Basi kama huji Ruiru, nitakuletea Ruiru. Bosi wangu alinunua kijikamera cha kompyuta, kidogo kama limau, awaonyeshe maua wanunuzi wa ng'ambo. Hakitumii tena. Amenikubalia nikiweke dirishani kielekee kiwanja. Kinapiga picha kila dakika, na picha inakaa kwenye kompyuta yangu. Mtu yeyote mwenye intaneti akiijua namba ya hapa anapiga hodi kwa namba hiyo, anaona anachokiona dirisha langu. Hapo Thika yuko Kisilu, mwenye duka la kompyuta karibu na soko. Tulisoma naye. Nenda kwake, kaa kwenye kiti, tazama, kisha niandikie kaburi liko upande gani wa kitu gani.

Taabu ni moja. Namba yetu haikai. Kampuni inayotuunganisha hutupa namba mpya kila laini ya simu inapokatika, na laini hukatika mvua ikinyesha, jua likiwaka, na mtu akipiga chafya. Kwa hiyo nimeandika programu ndogo. Inaiuliza kompyuta namba yake, inaiandika kwenye ukurasa ulioko mahali pasipohama, na Kisilu ataisoma hapo. Namba ikibadilika, programu inaandika mpya. Nimejaribu, inafanya kazi.

Mpwa wako,
Farhiya


Kiganjo, Thika
9 Agosti 1999

Farhiya,

Marahaba. Jirani yangu Selpha amefungua kibanda cha maandazi mlangoni pangu kabisa, kwa hiyo nanenepa. Mpe Zaid kuku mmoja, mmoja hana madhara.

Nilikwenda kwa Kisilu. Ni kijana mchangamfu, alinifutia kiti kwa mkono wa shati lake. Akafungua ukurasa wako, akanionyesha namba: 192.168.0.2. Akaigonga. Kilichokuwa kwenye kioo kikaondoka papo hapo, kikaja kingine. Nilivaa miwani nikajiandaa kuona kwetu.

Niliona maandishi mekundu: KARIMBU KWA KISILU, TUNAPIGA TAIPU, TUNATOA NAKALA. Kisilu alikitazama kioo, akaitazama mashine iliyoko kaunta, akasema polepole, "Mzee, hii ni sisi."

Tulijaribu tena, na tena. Nimepiga hodi Ruiru nikafunguliwa na Kisilu. Wateja walicheka, Kisilu akacheka kuwashinda, nami nikamsahihishia "karibu" yake, maana safari isiwe ya bure kabisa.

Umesema umejaribu na inafanya kazi. Ulijaribu ukiwa wapi?

Mjomba wako,
Ramadhani


Ruiru
23 Agosti 1999

Mjomba,

Shikamoo. Nimecheka mpaka bosi akatoka ofisini mwake, halafu nikaona aibu, maana nilijaribu nikiwa hapahapa kwenye meza yangu. Zaid amepata kuku, amempa jina la Kisilu.

Hivi ndivyo ilivyo. Programu yangu iliiuliza kompyuta, namba yako ni ngapi, na kompyuta ikasema kweli tupu. Lakini ile ni namba ya ndani, ya humu ofisini. Kompyuta zetu zote zinatoka nje kwa mlango mmoja, kijisanduku kilichofungiwa kabatini, na hicho ndicho chenye namba ya nje. Neno la siri la kukifungua analo fundi wa Nairobi. Alikubali kuachia njia moja ya kuingilia kwenye kamera, zaidi ya hapo hataki kusikia. Namba za ndani kila mtu anatumia zilezile, kwa kuwa haziendi popote. Unajua Majengo. Kuna Majengo ya Thika, ya Nyeri, ya Nairobi, ya Mombasa. Mtu akikwambia anakaa Majengo hakudanganyi. Ila ukimwandikia "Rama, Majengo", barua itaishia kwa Rama aliye karibu na posta yako. Kisilu alitumwa Majengo, akaenda Majengo yake.

Nimeikagua kompyuta yangu kila upande, na hakuna mahali ndani yake palipoandikwa namba ya nje. Hata ikijitazama mwaka mzima haitaijua. Njia ni moja tu: iende kwa mtu aliye nje kabisa imwulize, "Unaniona nikitokea wapi?"

Nina rafiki Juja, fundi wa kompyuta pale chuoni. Ameniwekea ukurasa usio na chochote ila jibu la swali hilo. Anayebisha hodi, unamwandikia namba aliyotokea, basi. Programu yangu sasa itakuwa inauliza huko, na jibu ndilo itakalompa Kisilu. Rudi kwake mwezi ujao.

Tumebakiwa na Septemba, Oktoba na Novemba. Zinatosha.

Mpwa wako,
Farhiya


Kiganjo, Thika
20 Septemba 1999

Farhiya,

Marahaba. Mimi mzima, Selpha mzima, maandazi yamepanda bei.

Nimeelewa barua yako kuliko unavyodhani. Ni muhuri wa posta. Mtu anaweza kuandika juu ya barua yake kwamba yuko Makka. Posta haimwulizi, inapiga muhuri wa mahali ilipoipokea. Kwa hiyo mashine yako inatuma barua ili irudishiwe isome muhuri. Huyo rafiki yako wa Juja ana akili. Hukunitajia jina lake.

Hata hivyo hatujafika. Safari hii Kisilu hakujifungulia mwenyewe. Namba ilikuwa nyingine, ndefu, na kila tukiigonga tulikutana na mashine ngeni inayotaka neno la siri. Tumerudia siku kadhaa. Namba haibadiliki hata siku ambazo umeniambia laini yenu hukatika. Kisilu anasema hiyo si nyumba yenu.

Usijisumbue kupita kiasi. Ikiwa haiwezekani, mama hakuwa mtu wa kulalamikia mahali pa kulala.

Ramadhani


Ruiru
4 Oktoba 1999

Mjomba,

Shikamoo. Tu wazima. Kuku Kisilu ametaga, kwa hiyo jina litabadilishwa.

Kosa nimelipata, na ni wewe uliyelifichua uliposema namba haibadiliki. Kampuni inayotuunganisha ina mashine yake katikati ya njia inayotuombea kurasa za intaneti. Programu yangu ikiuliza Juja, yule wa njiani analichukua swali, anakwenda kuuliza yeye, kisha anatuletea jibu. Juja hawakutuona sisi hata siku moja. Walimwona yeye, wakamwandikia namba yake, naye akatuletea kwa uaminifu kabisa. Ukimtuma mtu akuulizie unaonekanaje, atakayeonekana ni huyo uliyemtuma. Rafiki yangu amefungua mlango mwingine Juja ambao yule wa njiani hashughuliki nao. Sasa swali linakwenda lenyewe. Laini ilipokatika jana mara nne, ukurasa wa Kisilu ulibadilika mara nne. Kisilu amenipigia simu kusema anaona nyasi. Nenda ukiipata barua hii.

Sasa jambo la pili, na usinikasirikie.

Barua yako ya mwisho umeandika juu yake Kiganjo, Thika. Nimeigeuza bahasha mara nyingi, nikaipeleka kwenye mwanga. Mjomba, muhuri unasema Ruiru.

Ulikuja. Ulikuja ukapita chini ya dirisha langu, ukatia barua kwenye sanduku la posta yetu, ukarudi bila kunisalimu. Tena ndani ya barua hiyohiyo ukanieleza muhuri unavyofanya kazi. Mtu aliyesahihisha maandishi maisha yake yote hafanyi kosa hilo kwa bahati mbaya.

Sikuulizi kwa nini ulikuja. Nakuuliza uliona nini.

Farhiya


Kiganjo, Thika
25 Oktoba 1999

Mpwa wangu,

Marahaba. Mvua za vuli zimeanza, mguu umejua kabla ya redio.

Sikuona kitu, na hilo ndilo jibu lako. Nilisimama kando ya ile barabara ambayo zamani ilikuwa njia ya punda, nikasubiri mwili wangu uniambie. Niliwaandikia ninyi kwamba ukinifumba macho nafika, na pengine ndivyo, ila nilikuwa nimeyafumbua. Kila nilichokijua kilipimwa kutoka mlango wa jiko letu. Mlango umekwenda na vipimo vyake. Nilikuwa nimesimama kwetu kama mgeni anayengoja kuelekezwa. Barua ilikuwa mfukoni, sanduku la posta lilikuwa mbele yangu. Zaidi ya hapo usinichunguze.

Leo nimetoka kwa Kisilu. Picha imekuja, nakupongeza kwa moyo wangu wote. Nilitazama mpaka wateja wakabadilika mara mbili. Nyasi, vigingi, lori. Kisha pembeni kabisa, mkono wa kushoto, nikaona geti la bati na juu yake pembe ya tangi la maji la mawe. Hivyo ndivyo vitu pekee katika picha yote ninavyovifahamu. Ni kwa Gathogo. Ua wao ulipakana na wetu, ila ulikuwa nje ya mpaka wa kijiji, haukuvunjwa.

Najua unachofikiri sasa, maana umenifundisha mwenyewe. Mtu wa ndani hawezi kujijua, aulize aliye nje. Mke wa Gathogo, Magdalene, alituona kila siku kwa miaka mingi kutoka upande wa pili wa ua. Kama yuko hai, yeye anajua.

Huyo usimwulize. Siku nyumba zetu zilipovunjwa nilisimama kwenye geti lile nikabisha hodi, nikaita majina yao wote wawili. Nilimwona Magdalene kwenye upenyo wa bati. Alinitazama usoni, akasukuma komeo. Tulikula pamoja na watu wale, Farhiya. Miaka thelathini sijabisha hodi Ruiru, na picha ya Kisilu ni nzuri lakini haitanifungulia geti lile.

Mwache mama alale alipo.

Ramadhani


Ruiru
8 Novemba 1999

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Naanza na kosa langu kabla hujalisikia kwingine.

Barua yako ya kunikataza nisimwulize Magdalene, Mama Gachau, ilifika nikiwa nimeshakwenda kwake. Na kuna nililokuficha tangu Agosti. Rafiki yangu wa Juja anaitwa Gachau. Ni mtoto wake, yule aliyezaliwa juma moja na kifo cha Bibi. Miezi yote hii, kila dakika chache, kompyuta ya kwetu imekuwa ikibisha hodi kwa mtoto wa Gathogo ikimwuliza inaonekana wapi, naye anaijibu. Sikukutajia jina kwa sababu Mama aliniambia hutaki kusikia la watu wale, nikajua ungeacha yote.

Gathogo alifariki zamani. Mama Gachau yuko hai, mnene, anakata majani ya ng'ombe mwenyewe. Alinipa chai kabla sijasema mimi ni nani. Nilipotaja jina lako aliweka kikombe chini. Akasema, kwa ulimi wake unaoigeuza Rama kuwa Lama, "Lama ako wapi siku hizi? Amepotea sana."

Nilimwambia hukupotea, uko Thika, Kiganjo, na unajua vizuri uko wapi. Akacheka. Akasema mtu aliyepotea siku zote anajua ako wapi, ni wengine ndio hawajui.

Nikamwuliza kaburi. Analijua, Mjomba. Aliinua mkono kabisa anionyeshe, halafu akaurudisha akaushika kwa mkono wa pili. Nimeyaandika maneno yake niliporudi ofisini nisije nikayaharibu:

"Wewe ukiniuliza, mimi naona wewe. Sioni Lama. Mwambie aje aulize mwenyewe, nitamwonyesha. Na umwambie hivi. Siku ile aliona geti. Hakuona nyuma yake."

Nilimbembeleza. Nilimweleza Desemba. Alinifungia mayai kwenye gazeti akanisindikiza hadi barabarani. Kwa hiyo mimi sasa ni yule wa njiani, nimekuletea jibu kwa uaminifu, na jibu si lako.

Mwenye kujenga amesema wafanyakazi wanakuja tarehe mosi. Mchanga umeshamwagwa.

Mpwa wako,
Farhiya


Kwa Magdalene wa Gathogo, Ruiru
28 Novemba 1999

Mpwa wangu Farhiya,

Marahaba, ingawa leo asubuhi umenipa shikamoo kwa mdomo na bado nilikuwa sijaizoea sauti yako, imekuwa ya mama yako. Zaid amenisomea gazeti zima hadi matangazo ya vifo. Ana matamshi mazuri. Shaabani inakwisha, nitafunga nikiwa kwangu Kiganjo, inshallah, lakini kwanza nakuandikia.

Jana ulitoka ofisini ukanikuta nimeshafika kwenye kaburi, na tangu hapo watu walikuwa wengi na sikupata nafasi ya kukueleza lililotangulia. Sikupitia kwako kwa makusudi. Nilitaka swali liende lenyewe.

Nilisimama kwenye geti. Bati ni lilelile, limepakwa rangi. Nilibisha, nikasema hodi, sauti ikatoka ndogo. Nilisikia ndara zikija. Upenyo ukawa na jicho, na jicho halikunitazama mimi, lilitazama juu ya bega langu, upande huu na huu. Kisha komeo likavutwa.

"Leo hauna mtu nyuma yako," akasema. "Ingia, Lama."

Hakuna mwingine duniani anayeniita hivyo.

Siku ile, Farhiya, nilipokuwa nikiita majina yao, askari wawili walikuwa wamenifuata wakasimama nyuma yangu. Sikugeuka. Mtu anayepiga hodi kwa rafiki hageuki. Uani kwa Gathogo, chini ya majani ya ng'ombe, palikuwa na cherehani ya mama, magodoro yetu na mbuzi wawili, vyote Gathogo alivipitisha juu ya ua alfajiri kabla lori halijafika. Geti lingefunguka, vingekwenda na lori, na Gathogo angekwenda navyo. Magdalene akasukuma komeo akaketi chini nyuma ya bati kungoja nirudi jioni. Sikurudi. Nilikuwa nimeona nilichoona. Gathogo alinitafuta. Alisikia niko Majengo, akaenda Majengo ya Nairobi, akaletewa Rama mwingine, fundi wa baiskeli, na mtu yule akamnunulia chai kwa huruma. Mimi nilikuwa Majengo ya Thika.

Nilimwuliza kwa nini hakukueleza hayo wewe, yangenifikia yaleyale. Akasema yangenifikia, ila yeye asingeniona nikiyasikia.

Baada ya hapo alinipeleka kwenye mlango wa jiko lake. Siku tuliyomzika mama, yeye alikuwa amejifungua, hakuruhusiwa kutoka, basi alisimama kwenye mlango ule na mtoto mikononi akatazama mazishi yote mwanzo hadi mwisho. Akanishika mabega akaniweka mahali alipokuwa. "Tazama pembe ya tangi. Sasa teremka na jicho, pole pole, hadi ile mahali nyasi imeinama. Hapo." Mlango wake upo. Tangi lipo. Hakuwa na haja ya jiko letu.

Mengine uliyaona. Mwenye kujenga alifyeka yeye mwenyewe, akaacha panga alipogonga jiwe, akaendelea kwa mikono. Meupe, ya mtoni. Nilimsomea mama Fatiha na Magdalene akavua kitambaa cha kichwa, kisha akakumbuka sisi hatuvui, akakivaa tena upesi. Mama angefurahia hilo kuliko dua yangu. Vigingi vimehamishwa, na leo ameanza mwenyewe kuchimba mashimo ya nguzo za ua, bila kungoja wafanyakazi wa tarehe mosi.

Unasema Kisilu alituona kwenye kioo kule Thika, akawaita watu wa sokoni waje wanione nimesimama kwetu. Mwambie nimekubali kuonekana, ila nikirudi nikakuta bado ameandika KARIMBU tutakosana.

Cherehani inafanya kazi. Magdalene ameitumia miaka yote akiitia mafuta, anasema ameniwekea tu. Nimemwachia.

Ningeweza kuvuka barabara nikakuambia haya yote kwa mdomo. Kutoka hapa mlangoni naliona dirisha lako na kile kilimau chako. Lakini nataka ipite posta, izunguke Nairobi kama kawaida yake, ikufikie wiki ijayo. Safari hii nimeandika juu ya barua mahali nilipo. Linganisha na muhuri.

Mjomba wako,
Rama